Amplifaya ya Baba Mdogo Ndelilio

Marangu,
11 Februari 1996

Mpendwa Baba Mdogo Ndelilio,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima. Sisi hapa nyumbani hatujambo, isipokuwa mama anasumbuliwa na goti na mibuni ya upande wa mto imeingiwa na ugonjwa, baba ameanza kung'oa baadhi. Fredy yuko darasa la sita. Mimi niko kidato cha tatu.

Huenda hunikumbuki vizuri. Mimi ni Eunike, mtoto wa kwanza wa kaka yako. Krismasi ya mwisho ulipokuja nilikuwa darasa la tatu, ukanionyesha jinsi ya kubana uzi mnene wa gitaa la besi bila kuumiza kidole. Anwani yako nimepewa na shangazi Eliona. Baba hajui kwamba nakuandikia. Mtu akitaja jina lako nyumbani, baba hutoka kwenda kukata majani ya ng'ombe, hata kama zizi limejaa majani.

Jambo lenyewe ni hili. Sasa mimi ndiye mpiga besi wa kwaya ya vijana. Aliyekuwa akipiga, Lucky, anabeba mizigo ya watalii mlimani na haonekani mazoezini. Gitaa tunalo, lakini tunalichomeka kwenye amplifaya ya mhubiri yenye spika za honi, na sauti inayotoka ni kama nyuki ndani ya kopo. Baada ya mnada wa mavuno, ule wa ndizi na kuku wanaoletwa madhabahuni, wazee wa kanisa wamekubali kununua amplifaya ya besi. Mzee Gidioni, msimamizi wa kwaya, anasema amplifaya nzuri ni ile inayosikika hadi ng'ambo ya mto kwa Wakatoliki, kwa sababu wao wamenunua spika mpya. Mimi sidhani kama hicho ndicho kipimo. Lakini mimi ni mtoto, tena msichana. Nahitaji maneno ya mtu anayejua.

Ningefurahi pia kama ungekuja Desemba, watu wote wanaporudi nyumbani. Habari ya mazishi ya bibi sitaiuliza. Shangazi amenikataza.

Mimi binti yako,
Eunike


Dar es Salaam,
20 Machi 1996

Mwanangu Eunike,

Marahaba. Mpe mama yako pole ya goti. Barua yako niliwasomea wenzangu mazoezini, na nilipofika kwenye nyuki ndani ya kopo, Wenseslaus, mpiga dramu wetu, aliangusha fimbo zake. Sasa ananiita Baba Nyuki.

Mwambie Mzee Gidioni kwamba honi ni za kuhubiria. Besi inataka spika pana ya karatasi, inchi kumi na tano, au mbili za inchi kumi. Tena inataka wati nyingi kuliko gitaa la solo. Wati hizo hazinunuliwi kwa ajili ya kelele. Ni ili noti isichanike unapoipiga kwa nguvu.

Mkienda dukani nenda na gitaa lako. Usisome karatasi iliyobandikwa mbele, nyanyua kitu chenyewe. Ndani ya amplifaya ya kweli kuna transfoma, na transfoma ni nzito. Ukiona imeandikwa wati elfu moja nawe unaibeba kwa vidole viwili, iache hapo hapo. Boksi la spika ligonge kwa ngumi ubavuni. Likilia kama debe, mbao zake ni nyembamba, nalo litaimba wimbo wake badala ya wako. Kisha tazama nyuma, pameandikwa omu ngapi, yaani ukinzani wake wa umeme. Amplifaya nayo imeandikwa omu ya chini kabisa inayoivumilia. Usishuke chini ya hapo hata siku moja.

Na jambo ambalo wapiga besi wengi hawalijui: ukisimama karibu na boksi hutajisikia vizuri. Sauti nene hukomaa mbali. Usiongeze sauti kwa sababu wewe hujisikii. Mpe mwenzako gitaa, nenda ukasimame kwenye mlango wa nyuma wa kanisa, usikie wanachosikia wao.

Mimi nipo. Kikohozi kidogo tu, vumbi la mji huu. Desemba tutaona, bendi huwa na kazi nyingi mwezi huo. Na kwa kuwa umetaja mazishi: tangazo la msiba redioni mimi sikulisikia. Tulikuwa safarini Mbeya na redio ya gari letu ilikuwa mbovu. Shangazi yako anajua.

Baba yako mdogo,
Ndelilio


Marangu,
2 Juni 1996

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Habari za kikohozi? Huku mvua imekuwa nyingi, na Fredy aliteleza akavunja chupa ya maziwa, akalia kuliko kama angevunja mguu. Goti la mama lina nafuu.

Amplifaya tumenunua. Tulishuka Moshi mjini mimi na Mzee Gidioni. Maduka siku hizi yamejaa vitu vya Dubai, vinang'aa. Mwenye duka alituonyesha moja yenye taa nyekundu na kijani, wati elfu moja. Nikainyanyua kwa mkono mmoja, nikairudisha. Nikanyanyua nyingine, nikairudisha. Akaniambia, "Binti, unanunua muziki au unanunua mawe?" Mzee Gidioni akamjibu, "Mwache anyanyue. Ametumwa na Dar."

Mwisho tulipata iliyotumika, ya bendi moja ya hoteli iliyovunjika. Wati mia moja, omu nne, na ilitushinda kuibeba hadi stendi bila kupumzika. Ilikuja na boksi moja la omu nane. Jumapili ya kwanza nilimpa Aikaeli wa sauti ya pili gitaa apige uzi mmoja tu, nikaenda mlango wa nyuma kama ulivyosema. Baba Mdogo, benchi la mwisho lilikuwa linatetemeka chini ya mkono wangu, polepole. Bibi mmoja aliyekaa hapo aliniambia, "Leo naisikia kwaya miguuni."

Boksi la pili tumempa kazi fundi Rogath. Mbao anazo, zimekauka vizuri, lakini anasema tusubiri. Tangu Pasaka anatengeneza majeneza tu. Wiki iliyopita alizikwa mwalimu wangu wa darasa la nne, na wiki mbili kabla alizikwa mdogo wake. Wanasema ni kifua. Kila mtu anasema kifua, na hakuna anayetazama mwenzake usoni akisema hivyo.

Nasubiri jibu lako kuhusu Desemba.

Binti yako,
Eunike


Marangu,
4 Agosti 1996

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Sijapata jibu la barua yangu ya Juni. Labda imepotea, au uko safarini na bendi. Nyumbani ni wazima. Ng'ombe amezaa dume.

Naandika kukiri kosa. Amplifaya imeungua, na niliyeiunguza ni mimi.

Mwezi uliopita lilikuwa tamasha la kwaya kwenye uwanja wa shule. Boksi la Rogath lilikuwa tayari, zuri, zito. Maboksi mawili ya omu nane yalifanya omu nne, maana kila spika inayoongezwa hushusha omu, na nne ndizo za amplifaya. Tulianza vizuri. Kisha Mzee Gidioni akaja na zile honi za mhubiri begani, akasema, "Eunike, unganisha na hizi, wale wa ng'ambo hawasikii."

Nilijua. Hesabu hiyo tumeisoma darasani, niliifanya kwa kalamu kwenye kiganja. Ilikuwa inashuka chini ya omu tatu. Nikasema, "Mzee, nadhani haitaweza." Akasema, "Unadhani, au unajua?" Watu walikuwa wanatazama. Nikaona si adabu kumwambia mzee wa kanisa mbele ya watu kwamba ninajua kuliko yeye. Nikasema nadhani. Akasema, "Basi unganisha."

Wimbo wa pili haukuisha. Harufu ilitoka kwanza, kisha moshi, kisha kimya. Kwaya iliendelea kuimba bila sisi. Nikisema ukweli wa moyoni, na mimi pia nilitaka wa ng'ambo wasikie.

Wazee walikaa kikao. Mzee Gidioni hakusema ni nani aliyeagiza, nami sikusema. Imeamuliwa nisiguse vyombo. Sikuandikii ili unitetee. Nataka tu kujua kama kuna fundi anayeweza kuitengeneza, na kama wewe ni mzima. Shangazi nikimuuliza habari zako anasema, "Yupo," kisha anaanza kufagia.

Binti yako,
Eunike


Dar es Salaam,
15 Septemba 1996

Binti Eunike,

Salaam nyingi kutoka kwa baba yako mdogo. Anayeandika ni mimi, Wenseslaus, wa fimbo zilizoanguka. Yeye mkono umechoka kidogo, ameniambia niandike kama anavyosema, nisiongeze wala nisipunguze.

Anasema: barua zako zote mbili zimefika. Anaomba radhi. Anasema hakuna mpiga besi ambaye hajaunguza amplifaya, na kwamba yeye aliunguza mbili, moja ikiwa ya tajiri wake. Anasema omu zikishuka ni sawa na kufungua koki zote kwa pamoja, mpaka pampu inaungua. Anasema ulikosa kwa adabu, na siku nyingine mtu akikuuliza unadhani au unajua, sema ninajua, hata kama ni askofu. Hapa amecheka mpaka amekohoa, tumepumzika.

Tunaendelea. Anasema hiyo yenu si ya kupeleka kwa fundi wa redio. Anakuletea ya kwake, na boksi lake la inchi kumi na tano. Litapanda lori la mizigo hadi Himo, dereva ni mtu wetu. Usilisimamishe kwenye benchi, liweke chini kwenye sakafu, karibu na ukuta lakini si kwenye kona, kona italifanya lingurume. Waya wa spika uwe mnene, ule wa mafundi umeme. Usitumie waya wa maikrofoni, utachemka. Unganisha spika kwanza ndipo uwashe. Zima kwanza ndipo uchomoe. Umeme wenu wa jioni ni mdogo, taa zikififia acha kupiga.

Anasema kifungo cha sauti kisipite saa sita juu. Amekipaka rangi ya kucha hapo, utaona.

Nimemuuliza yeye atapigia nini. Amesema nisiandike hilo.

Wenseslaus, kwa niaba ya Ndelilio


Marangu,
20 Oktoba 1996

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Amplifaya, boksi na waya vimefika salama. Tulivipokea Himo mimi na Fredy, tukapanda navyo kwa pikapu ya jirani hadi mwisho wa barabara, na toka hapo tulihitaji watu watatu. Kanisa lilikuwa limefungwa, kwa hiyo tukaviingiza sebuleni kwetu.

Baba alirudi kutoka shambani akakuta jina lako limeandikwa ubavuni kwa rangi nyeupe. Alisimama na panga lake mkononi kwa muda mrefu. Nikafikiri atatoka kwenda kukata majani. Akaketi. Akauliza, "Hiki ndicho kilichomfanya asije?" Sikujua kama ananiuliza mimi. Kisha akasema, "Nililipia tangazo mara tatu. Asubuhi, mchana na jioni. Nchi nzima ilisikia." Nikamwambia redio ya gari lenu ilikuwa mbovu. Akasema, "Ndivyo alivyokuandikia?" Nikasema ndiyo, na hivyo akajua kwamba tunaandikiana. Hakunipiga wala kunigombeza. Alikula mtori wake akalala.

Wazee wameniruhusu kupiga tena, kwa sababu amplifaya ni ya familia yangu na hakuna mwingine anayejua kuitumia. Mzee Gidioni alikuja na honi zake. Nikamwambia, "Haiwezi, mzee. Ninajua." Akazirudisha.

Sasa naomba unisamehe kwa swali nitakalouliza. Nimelifikiria wiki nzima. Mpiga besi anayetoa amplifaya yake, na boksi lake, na hata waya wake, hajabaki na kitu cha kupigia. Maandishi ya bahasha ya mwisho si yako. Shangazi anafagia ua uliokwisha fagiliwa. Je, unaumwa? Ikiwa ni ule ugonjwa wanaouita kifua, niambie. Mimi si mtoto sana.

Binti yako,
Eunike


Dar es Salaam,
14 Novemba 1996

Mwanangu Eunike,

Marahaba. Hii naandika mwenyewe, nimechukua siku nne, kwa hiyo vumilia mistari.

Naumwa. Ni ugonjwa huo wa mwalimu wako. Nilipima mwezi wa Aprili, ndiyo maana barua yako ya Juni niliiweka chini ya godoro. Besi siwezi tena kuishika begani. Bendi wamepata mtu mwingine, kijana mzuri, anapiga noti nyingi kuliko mimi.

Na jambo la pili ni gumu zaidi kuliko la kwanza. Tangazo nililisikia. Tulikuwa Mbeya kweli, ukumbini, mchana, tunafunga vyombo. Mlinzi alikuwa na redio yake mlangoni. Wakasoma jina la mama, wakasoma la kaka yangu, wakasoma la kwangu, popote alipo. Nilikuwa nimeshika waya wa spika mkononi. Nikauchomeka. Nilijiambia nitapiga onyesho hili, alfajiri nipande basi. Alfajiri ilipofika nikaona nitawakuta wamekwisha kuzika, nikaona aibu. Siku iliyofuata aibu ilikuwa kubwa zaidi, na hivyo hivyo hadi leo, miaka mitano.

Ningependa kufika kihambani, kwenye shamba la baba zetu, nikiwa bado nasema na watu. Sitaki kuletwa ndani ya kazi ya Rogath. Lakini siwezi kufika kwenye mlango wa kaka yangu na uongo ule mikononi. Huku mjini nimeona masale, yale majani yetu ya kuombea msamaha, yamepandwa kwenye geti la ofisi moja kama maua, nikataka kukata jani moja, mlinzi akanitazama. Nikatie jani la isale pale mpakani kwetu, umpe shangazi Eliona ampelekee kaka, amwambie Ndelilio anaomba msamaha. Usilipeleke wewe. Jambo hili halifanywi na mtoto.

Asipolipokea nitaelewa. Wewe endelea kupiga.

Baba yako mdogo,
Ndelilio


Marangu,
8 Desemba 1996

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Barua yako niliisomea chini ya migomba, halafu nikakaa huko mpaka mama akaniita mara mbili.

Shangazi Eliona yuko Arusha kwa binti yake aliyejifungua, hatarudi hadi mkesha wa Krismasi. Nilihesabu siku. Sikuona kama tuna siku hizo. Kwa hiyo nimefanya ulichonikataza. Jumatatu nilikata isale mpakani, nikalifunga fundo kama nilivyoona wazee wakifanya, nikampelekea baba zizini kwa mikono miwili.

Akauliza, "Nani amekutuma?"

Nikasema, "Baba mdogo."

"Isale haliletwi na mtoto wa shule. Hujui hilo?"

"Najua. Lakini hakuna mwingine, na yeye anaumwa."

Nilidhani atalitupa kwenye samadi. Nasikia hakuna Mchagga anayethubutu, lakini nilidhani. Alilitia kwenye mfuko wa koti lake, akaendelea kukamua. Siku tatu hakusema nami. Koti alikwenda nalo shambani, akaja nalo mezani, hata jua lilipokuwa kali hakulivua.

Alhamisi baada ya chakula akasema, "Lete hiyo barua. Soma." Nilisoma yote, sikuruka Mbeya. Nilipofika kwenye waya mkononi sauti yangu iliharibika, akangoja. Nilipomaliza akasema, "Watu wote niliwaambia alisikia. Lakini moyoni nilikuwa naomba iwe hakusikia." Kisha akasema, "Sasa hakuna haja ya kuomba tena. Mwandikie aje."

Nakueleza na mengine, ili usishangae ukifika. Mama ametenga kikombe, sahani na kijiko kwa ajili yako, ameviweka rafu ya juu. Mwalimu wetu wa baiolojia amesema wazi kwamba ugonjwa hauambukizi kwa kikombe, nami nimemweleza mama. Amesema amesikia. Vikombe bado viko juu. Nitaendelea kumweleza. Jirani mmoja ameuliza kama Fredy ataendelea kulala nyumba hiyo. Baba alimjibu kwa Kichagga maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye barua.

Utalala chumba cha bibi. Kina dirisha upande wa kanisani, na Jumamosi tunapofanya mazoezi nimempeleka Fredy asimame hapo dirishani. Anasema besi inafika, ila maneno hayafiki. Nimeacha kifungo pale pale kwenye rangi.

Baba anasema upande basi la Ijumaa tarehe ishirini, Wenseslaus akusindikize, naye atakuwa Himo tangu asubuhi. Pikapu ya jirani imekubali hadi mwisho wa barabara. Kutoka hapo hadi nyumbani ni mlima na matope, gari halipandi. Nilimwambia Fredy na Lucky wanaweza kusaidia, na kwamba fundi Rogath ana machela. Akasema machela hapana.

Akauliza wewe sasa una uzito gani. Nikasema sijui.

Akasema, "Muulize. Nataka kujua kama nitamweza peke yangu mgongoni."

Nijibu upesi, Baba Mdogo, hata kwa mstari mmoja.

Binti yako,
Eunike